Ubunifu wa Kiteknolojia na Mabadiliko ya Muundo wa Uchumi: Pesa za Simu na Mashine ya Kuchuma Chai nchini Kenya

Utangulizi

Katika mihadhara na magazetini, neno 'teknolojia' limekuwa mithili ya dawa ya kila ugonjwa. Mwanasiasa akiulizwa kuhusu ajira hutaja teknolojia. Mhadhiri akiulizwa kuhusu mustakabali wa vijana hutaja teknolojia. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalopaswa kufuata: teknolojia hiyo inamtoa nani katika kazi gani, na inampeleka wapi? Makala haya yananuia kulishughulikia swali hilo kwa kulinganisha teknolojia mbili ambazo zimeingia katika uchumi wa Kenya tangu mwanzo wa karne hii. Ya kwanza ni utumaji wa pesa kwa simu ya mkononi, uliozinduliwa mwezi wa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa. Ya pili ni mashine ya kuchuma majani chai katika mashamba makubwa ya Kericho na maeneo jirani. Zote mbili zimeenea katika nchi moja na katika kipindi kimoja, na zote zimewahamisha watu kutoka kazi moja hadi nyingine. Hata hivyo, hoja yetu ni kuwa hazikuwahamisha kwa namna moja. Moja iliwavuta na nyingine ikawasukuma, ilhali takwimu tunazozitumia kupima maendeleo aghalabu hazitofautishi kuvutwa na kusukumwa.

Huenda msomaji akashangaa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya uchumi. Dhana hizi hufundishwa vyuoni mwetu kwa Kiingereza, na anayetaka kuzijadili kwa Kiswahili hulazimika kuanza kwa kusaka istilahi. Hiyo pekee ni sababu tosha. Isitoshe, mwandishi wa makala haya alilelewa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, na kwa hiyo mjadala huu kwake si wa nadharia tupu.

Maana ya Dhana

Ni muhimu kutenganisha uvumbuzi na ubunifu, ingawa katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi. Uvumbuzi, kwa mujibu wa makala haya, ni kuundwa kwa kitu au mbinu ambayo haikuwepo. Ubunifu ni kukiingiza kitu hicho katika maisha ya uzalishaji na biashara kwa njia inayobadilisha jinsi watu wanavyofanya kazi. Simu ya mkononi haikuvumbuliwa Kenya, wala ujumbe mfupi. Lakini kuutumia ujumbe mfupi kuhamisha thamani ya pesa kutoka jijini hadi kijijini kupitia duka la kawaida la rejareja, huo ni ubunifu. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1942, alisisitiza kwamba ubepari husukumwa mbele na ubunifu wa aina hii, na kwamba kila ubunifu hujenga huku ukibomoa. Wengi humnukuu kwa ajili ya kule kujenga. Kubomoa huachiwa wanaobomolewa.

Dhana ya mabadiliko ya muundo wa uchumi nayo hutumiwa ovyo. Uchumi unaweza kukua bila muundo wake kubadilika. Mvua ikinyesha vizuri katika Bonde la Ufa, mahindi yakafurika maghalani, pato la taifa litaongezeka mwaka huo. Lakini wakulima ni wale wale, jembe ni lile lile, na mwaka wa ukame hali itarudi ilipokuwa. Muundo hubadilika pale nguvukazi na mtaji vinapohama kutoka sekta yenye tija ndogo hadi sekta yenye tija kubwa zaidi, na visirudi.

Mwasisi wa nadharia hii katika muktadha wa nchi zinazoendelea ni W. Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha St. Lucia, aliyechapisha makala yake maarufu mwaka wa 1954 na kutuzwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1979. Lewis aliugawa uchumi wa nchi maskini katika sehemu mbili: sekta ya kujikimu, ambamo watu ni wengi kuliko kazi iliyopo, na sekta ya kisasa, ambamo mwenye mtaji huwekeza faida yake upya na kuajiri watu zaidi. Sekta ya pili huwavuta watu kutoka ya kwanza kwa mshahara ulio juu kidogo kuliko riziki waliyoizoea. La kuzingatia ni kitenzi hicho: kuvuta. Katika nadharia ya Lewis, mtu huacha shamba kwa sababu mahali pengine pana nafasi yake. Nadharia hiyo haitufai sana pale mtu anapoondolewa mahali alipo kabla ya nafasi nyingine kupatikana.

Pesa za Simu: Teknolojia Iliyovuta

Kabla ya mwaka wa 2007, Mkenya aliyefanya kazi Nairobi na kutaka kuitumia familia yake pesa alikuwa na njia chache. Angeweza kwenda posta na kutuma hawala, ambayo mpokeaji angeifuata mjini kwa nauli na kupanga foleni. Angeweza kumkabidhi dereva wa basi au utingo bahasha, na kumwomba Mungu. La sivyo, angesubiri jamaa au mwanakijiji anayekwenda nyumbani. Benki hazikuwa jawabu kwa wengi: utafiti wa kitaifa wa FinAccess wa mwaka wa 2006 ulionyesha kuwa ni takriban asilimia 27 tu ya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za kifedha. Kufikia utafiti wa mwaka wa 2024, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia 85.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba wabunifu wenyewe hawakulenga hasa kutuma pesa. Majaribio yaliyoanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, yalikusudia kuwasaidia wakopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa mambo mengine: kutumiana pesa wao kwa wao, kulipia bidhaa, kuhifadhi pesa usiku wakiwa safarini. Hata kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamezoea kusambaziana kredi ya simu na kuihesabu kama pesa. Kwa hiyo waanzilishi walipozindua huduma kwa umma mwaka wa 2007, waliacha habari ya mikopo na kusisitiza jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Kwa maneno mengine, teknolojia ilifuata uhusiano uliokuwepo tayari baina ya mji na kijiji. Hapa ndipo nguvu yake ilipotoka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliongeza hitaji hilo, kwani barabara zilifungwa na watu wakatumia simu kuwafikishia jamaa zao waliokwama pesa na kredi.

Utendakazi wa wakala unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio unaotuonyesha mkondo wa pesa unakoelekea. Wakala hugawa mtaji wake mara mbili: fedha taslimu dukani na salio la simu, ambalo mawakala wenyewe huliita floti. Mteja akiweka pesa, wakala hupokea noti na kupunguza floti. Mteja akitoa, wakala hutoa noti na floti yake kuongezeka. Sasa, mjini watu huweka zaidi, na kijijini hutoa zaidi. Matokeo yake ni kuwa wakala wa Gikomba huishiwa na floti huku noti zikimrundikia, ilhali wakala wa kijijini huishiwa na noti huku simu yake imejaa. Wote wawili hulazimika kwenda benki, kila mmoja akiwa na tatizo kinyume cha mwenzake. Anayetaka kujua jinsi mji unavyolisha kijiji nchini Kenya hana haja ya kusoma ripoti ndefu. Aketi kwa wakala siku ya Ijumaa mwisho wa mwezi.

Je, haya yalibadilisha muundo wa uchumi? Utafiti uliotajwa sana ni ule wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2016. Watafiti hawa walilinganisha maeneo yaliyopata mawakala wengi mapema na yale yaliyopata wachache, kisha wakachunguza hali ya familia miaka kadhaa baadaye. Walikadiria kuwa familia 194,000, yaani takriban asilimia 2 ya familia za Kenya, zilitoka katika umaskini uliokithiri kwa sababu ya huduma hii. Kwa mada yetu, takwimu yao ya pili ndiyo muhimu zaidi: walikadiria kwamba wanawake 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu na kufanya biashara kuwa kazi yao kuu. Sababu zenyewe zinaeleweka. Mwanamke mwenye simu na namba ya siri anaweza kuweka akiba ambayo haionekani na kila mtu nyumbani. Ng'ombe akifa au mtoto akilazwa hospitalini, jamaa kumi hutuma kila mmoja kidogo kabla ya jioni, na mtaji wa kibanda hauliwi. Katika utafiti wao wa awali wa mwaka wa 2014, watafiti hao hao walionyesha kuwa familia zilizokumbwa na maafa zikiwa hazina huduma hii zilipunguza matumizi kwa takriban asilimia 7, ilhali zilizokuwa nayo hazikupunguza.

Si wote waliokubali. Mwaka wa 2019, Milford Bateman na wenzake waliukosoa utafiti huo vikali, wakidai kuwa haukuhesabu biashara zinazokufa, wafanyabiashara wa zamani wanaonyang'anywa wateja na wapya, wala mzigo wa madeni. Kwa maoni yetu, ukosoaji huu una uzito, hasa kuhusu biashara zinazokufa: kila anayeishi mtaani amemwona mama mboga wa tano akifungua kibanda mahali ambapo wanne hawakuwa na wateja wa kutosha. Hata hivyo, haubatilishi jambo la msingi. Watu walihama kwa sababu palikuwa na kitu kipya cha kuwavuta, na uwakala wenyewe, wenye mawakala zaidi ya 200,000 kwa sasa, ni kazi ambayo haikuwepo mwaka wa 2006.

Mashine ya Chai: Teknolojia Iliyosukuma

Tukiondoka kwa wakala na kupanda hadi Kericho, tunakutana na ubunifu wa sura nyingine. Chai ya Kenya kwa miongo mingi ilichumwa kwa mkono: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, malipo kwa kilo. Mashine ya kuchuma inayobebwa ina wembe unaopitishwa juu ya meza ya michai, mtu mmoja akiishika kila upande wa mstari, na majani huingia katika mfuko nyuma. Ziko pia kubwa zaidi zinazoendeshwa. Kwa siku moja mashine hufanya kazi ya makumi ya wachumaji. Ubora wa jani unaweza kupungua, maana wembe hauchagui kama vidole, lakini gharama ya kilo moja hushuka, na katika mnada wa Mombasa bei haimngoji mwenye gharama kubwa.

Wamiliki wa mashamba wana hoja, na haifai kuibeza. Mishahara iliyokubaliwa na chama cha wafanyakazi ilipanda huku bei ya chai ikiyumba. Wafanyakazi nao walikuwa na hoja yao, na waliieleza kwa mgomo wa Oktoba 2010. Miaka ilipita, kesi na mazungumzo yakafuatana, mashine zikaongezeka. Mnamo Mei 2023, mashine kadhaa za kuchumia chai zilichomwa moto mashambani Kericho katika maandamano yaliyogharimu maisha. Vyombo vya habari viliyaita matukio hayo uhalifu, na kwa mujibu wa sheria ni uhalifu. Lakini uhalifu nao una historia yake.

Historia hiyo haiwezi kueleweka bila kujua kwamba kazi ya shambani haikuwa mshahara tu. Mchumaji wa shamba kubwa alipewa nyumba, maji, zahanati, na shule ya watoto wake. Aliyepoteza kazi alipoteza vyote kwa barua moja. Mama yangu alipokea barua kama hiyo mwaka wa 2014, nikiwa kidato cha pili. Shambani petu waliofunzwa kuendesha mashine walikuwa wanaume, nao walikuwa wachache. Tulihama mwisho wa mwezi tukiwa na vitanda viwili na sufuria, tukapanga chumba karibu na soko, na mama akaanza kuuza sukumawiki na nyanya. Baadhi ya wateja walimlipa kwa simu. Karo yangu ya muhula uliofuata ilichangwa na shangazi na wajomba, nayo ilipita kwa wakala.

Msomaji na azingatie jambo hili kwa makini. Akija mhoji wa sensa au mtafiti wa chuo kikuu, mama yangu angeandikwa kuwa mwanamke aliyetoka kilimoni akaingia katika biashara ya rejareja na ambaye hutumia huduma rasmi za kifedha. Ni kweli kwamba utafiti wa Suri na Jack ulihusu kilimo cha kujikimu, ilhali yeye alikuwa mfanyakazi wa mshahara. Lakini katika majedwali ya jumla yanayoonyesha nguvukazi ya taifa ikihama kutoka kilimo hadi huduma, yeye na yule aliyefungua duka kwa akiba yake huwekwa safu moja. Mmoja kipato chake kilipanda. Mwingine kilishuka, akapoteza na nyumba. Jedwali huwahesabu wote wawili kama maendeleo.

Wanahamia Wapi?

Katika nchi zilizoendelea kwa njia aliyoieleza Lewis, aliyetoka shambani aliingia kiwandani. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa kumpokea mtu asiye na elimu kubwa, kumfunza kwa majuma machache na kuongeza tija yake mara kadhaa. Kenya haijapata kiwanda cha kutosha kufanya hivyo. Ruwaza ya Kenya 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, iliahidi nchi yenye viwanda. Mpango wa Nguzo Nne Kuu ukataka viwanda vichangie asilimia 15 ya pato la taifa kufikia 2022. Mchango huo umebaki chini ya asilimia 10. Mwanauchumi Dani Rodrik, katika makala ya mwaka wa 2016, alieleza kuwa nchi nyingi zinazoendelea zinaacha viwanda kabla ya kuwa na viwanda vya kutosha: watu hutoka kilimoni na kuingia moja kwa moja katika huduma, tena huduma za tija ndogo. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi, ile tuiitayo jua kali.

Hapa ndipo ubunifu wa simu na ubunifu wa chai vinapokutana. Simu imerahisisha mno kuingia katika biashara ndogo, kiasi kwamba sekta hiyo imekuwa bwawa linalopokea kila mto. Aliyevutwa na aliyesukumwa wanauza nyanya kando kando. Pesa za simu hazikumsukuma mchumaji, na kwa hakika zilimnusuru asianguke hadi chini. Lakini kunusurika si sawa na kupanda tija, na serikali inayohesabu vibanda kama mafanikio ya teknolojia haioni haja ya kujenga kiwanda.

Kuna vighairi vya kutia moyo. M-KOPA, iliyoanza kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua mwaka wa 2012 kwa malipo ya kila siku kupitia simu, isingewezekana bila miundombinu ya pesa za simu. Huo ni mfano wa ubunifu unaozaa ubunifu, na umeajiri wauzaji na mafundi. Kwa upande mwingine, miundombinu hiyo hiyo ndiyo iliyozaa mikopo ya papo kwa papo.

Lugha ya Bahari na Masharti ya Kiingereza

Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulisikiliza jambo moja zaidi. Huduma hizi zimepewa majina yaliyochotwa katika Kiswahili cha mwambao. Kredi ya kukopa iliitwa Okoa Jahazi. Huduma ya akiba na mikopo iliyozinduliwa Novemba 2012 ikaitwa M-Shwari, kama bahari iliyotulia. Mwaka wa 2019 ikaja Fuliza, kitenzi chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Aliyelichagua jina hilo la mwisho kwa huduma ya kutumia pesa usizokuwa nazo alikijua Kiswahili vizuri, pengine kuliko alivyokusudia.

Majina ni ya Kiswahili kwa sababu jina huuza. Masharti ni jambo jingine. Dada yangu alikopa kwenye programu moja ya simu ili kuongeza bidhaa kibandani, na alipochelewa kulipa, wadai walianza kuwapigia watu waliokuwa kwenye orodha ya namba zake, nikiwemo mimi. Nilipoomba kuyaona masharti aliyoyakubali, nilikuta kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria ambacho mimi mwenyewe, mwenye shahada, nilikisoma mara mbili. Malalamiko ya aina hii yalikuwa mengi hata Bunge likarekebisha sheria mwaka wa 2021, na kanuni za mwaka wa 2022 zikawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu na wakome kuwaaibisha wadaiwa.

Kazi iliyobaki kwetu iko wazi na inaweza kuanza katika chama hiki: kuyaandika upya masharti ya mikopo hiyo kwa Kiswahili ambacho muuza nyanya atakisoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, na kuyapeleka sokoni. Vilevile, wenzetu wa idara za takwimu na uchumi wanapoandaa hojaji zao kwa Kiswahili, tuwaombe waongeze swali moja baada ya lile la kazi ya sasa na kazi ya awali: "Je, uliiacha kazi ya awali, au iliondolewa kwako?"